Nairobi Iliwahi Kuwa na Ofisi ya Watoto Wadogo. Ilienda Wapi?

Mtoto wa miaka miwili anayeishi Kangemi ana ofisi ngapi za serikali? Mimi nimejaribu kuhesabu.

Chanjo na kijitabu chake cha kliniki ni kazi ya idara ya afya ya kaunti, lakini sera inatoka Afya House. Deikea anayoachwa saa kumi na mbili asubuhi, mama akikimbilia matatu ya Westlands, iko chini ya City Hall. Akifika miaka minne ataingia PP1. Mwalimu wake wa shule ya umma ataajiriwa na kaunti, mtaala utatoka KICD pale Desai Road, na sera ya masomo itatoka Jogoo House. Akipigwa au akitelekezwa, kesi inaenda kwa Idara ya Watoto ya serikali kuu. Jengo la nasari likianza kupasuka ukuta, hao ni watu wengine kabisa, wa mipango na ujenzi.

Mtoto mmoja, milango sita. Na kati ya hiyo yote, hakuna mlango hata mmoja ambao kazi yake ni kujua kwamba huyu wa kliniki, huyu wa deikea na huyu wa PP1 ni mtoto yule yule.

Kila tukiongea hii stori, mtu anasema tuunde ofisi moja ya kuratibu mambo ya watoto wadogo. Nakubaliana naye. Lakini hebu kwanza tuulizane: kwani hatujawahi kuwa nayo? Tuliwahi. Ilikuwa hapa hapa Nairobi, ilikuwa na jina, na kwa miaka kadhaa ilifanya kazi nzuri. Tukijua kilichoifanikisha na kilichoizima, tutajua ya pili tuijenge vipi.

Kabla ya ofisi kulikuwa na kina mama

Turudi miaka ya 1950. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, wakoloni waliwasukuma watu wa Kati ya Kenya kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi. Akina baba wengi walikuwa kizuizini au msituni. Akina mama walitolewa kila siku kwenda kazi ya lazima. Watoto wadogo wakabaki na nyanya na dada zao wakubwa, na hapo vikaanza vikundi vya kuwalinda na kuwalisha. Kabla ya hapo nasari mjini Nairobi zilikuwa zaidi za watoto wa Wazungu na Wahindi. Kwa Mwafrika wa kawaida, nasari ilianza kwa sababu mama aliondolewa nyumbani kwa nguvu na lazima mtu ashike mtoto.

Kumbuka pia kwamba sehemu za Dagoretti zilikuwa za Kiambu wakati huo. Ziliingizwa Nairobi mpaka wa jiji ulipopanuliwa miaka ya 1960. Kwa hivyo stori hii ya vijiji vya Hali ya Hatari ni ya familia nyingi ambazo leo tunawaita watu wa Nairobi ya magharibi.

Uhuru ukaja 1963, na Mzee Kenyatta akatoa wito wa Harambee. Watu walijenga shule, zahanati na mabomba ya maji, na walijenga nasari pia, nyingi kweli. Kanisa lilitoa ukumbi, wazazi wakachanga shilingi, wakatafuta msichana wa mtaa aliyesoma kidogo, wakamwambia fundisha. Tume ya Ominde ilipotoa ripoti yake 1964, macho ya serikali yalikuwa kwenye shule za msingi na za upili, maana nchi ilihitaji makarani, walimu na madaktari haraka. Watoto wadogo wakaachiwa jamii, na usimamizi kidogo ukawekwa kwa maafisa wa maendeleo ya jamii.

Hapo ndipo mazoea yetu yalizaliwa: nasari ni kitu cha wazazi, serikali inakuja kuangalia tu. Shikilia hiyo sentensi, maana itarudi.

1971 hadi 1985: miaka ambayo tulijaribu

Mwaka 1971 ulianza mradi wa elimu ya chekechea pale Kenya Institute of Education, KIE, ambayo leo ndiyo KICD. Pesa zilitoka kwa Bernard van Leer Foundation ya Uholanzi. Mradi ulidumu hadi 1982, na kazi yake ilikuwa ya chini kwa chini: kufundisha wakufunzi, kuandika miongozo ya walimu, na kuonyesha jinsi mwalimu asiye na pesa anaweza kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vizibo, vijiti, udongo na vitambaa. Hakuna cha kifahari. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na chumba Nairobi ambamo watu walilipwa kufikiria mtoto wa miaka minne asubuhi hadi jioni.

Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ikashauri elimu ya chekechea ibebwe na Wizara ya Elimu. Mwaka 1980 ikahamishwa rasmi kutoka Wizara ya Utamaduni na Huduma za Jamii. Unaweza kuona ni kubadilisha barua na mihuri tu, lakini ulikuwa uamuzi mkubwa. Serikali ilikuwa inasema huyu mtoto ni mwanafunzi, si mtu wa kutunzwa tu.

Halafu 1984 ikazaliwa ofisi yenyewe. Iliitwa NACECE, Kituo cha Taifa cha Elimu ya Watoto Wadogo, na kikao chake kilikuwa KIE. Mwaka uliofuata, 1985, vikaanza vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE. NACECE ilifundisha wakufunzi, ikatengeneza miongozo ya mtaala na kuunganisha wizara, mashirika na wafadhili waliogusa mtoto mdogo. DICECE zilifundisha walimu wilayani, zikatembelea nasari na kuongea na wazazi.

Mafunzo yenyewe yalipangwa kwa akili. Mwalimu wa nasari hakuwa na karo ya chuo, na angeacha darasa nasari ingefungwa. Kwa hivyo kozi ilikuwa ya miaka miwili: likizo unasoma, shule zikifunguliwa unafundisha, na mkufunzi anakuja kukuona ukiwa kazini. Ndiyo maana hadi leo ukimuuliza mwalimu mzee wa chekechea alisomea wapi, anakwambia "nilifanya DICECE". Maelfu ya wanawake, ambao serikali haikuwa imewaajiri, walipata cheti kwa njia hiyo. Nchi kadhaa za Afrika zilikuja kuangalia Kenya imefanyaje.

Kwa hivyo anayekwambia ati Wakenya hatuwezi uratibu, mwambie tuliweza. Ofisi moja ndogo pale Nairobi, mikono yake ikafika wilayani.

Kile ambacho ofisi haikubeba

Sasa tufike kwenye uchungu.

NACECE iliratibu mafunzo, mtaala na ziara. Kitu kimoja haikupewa: mshahara wa mwalimu. Ukiondoa wachache walioajiriwa na halmashauri za miji na manispaa, mwalimu wa chekechea alilipwa na kamati ya wazazi. Wazazi wakikosa, anakosa. Mwezi wa njaa, anakosa miezi mitatu. Ofisi ilikuwa inamfundisha mwalimu vizuri halafu inamrudisha mahali asipolipwa. Wengi waliondoka, wakachukua kazi nyingine au wakaolewa mbali, na cheti kikabaki kwenye bahasha.

Serikali iliratibu, mzazi akalipa. Ukitaka historia yote ya chekechea ya Kenya kwa maneno manne, ni hayo.

Kitu cha pili kilichoachwa nje kilikuwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Kumhamisha mtoto kutoka huduma za jamii hadi elimu kulimfaidi aliyekaribia darasa la kwanza. Lakini yule wa miezi minane hana somo. Hasomi, ananyonya. Wizara ya Elimu ingemfanyia nini? Akabaki kwa kliniki akiugua, na kwa jirani akiwa mzima.

Kuanzia 1997 hadi 2004 ukaja mradi mkubwa wa mkopo wa Benki ya Dunia. Huo ulijaribu kuunganisha mambo: mafunzo ya walimu, ruzuku kwa jamii, afya na lishe, na mtoto kuvuka kutoka chekechea hadi darasa la kwanza. Mradi ukaisha, na pesa zake zikaisha nao. Ofisi ikiishi kwa mfuko wa mradi, siku ya mwisho ya mradi huwa pia mwisho wa petroli ya gari la kutembelea shule.

Katikati ya huo mradi, Januari 2003, serikali mpya ya Kibaki ikafanya elimu ya msingi kuwa bure. Ilikuwa siku kubwa, na sitaki kuipunguza. Lakini chekechea haikuwemo. Mzazi wa Kawangware akapiga hesabu ya haraka: nasari nalipa, darasa la kwanza silipi. Wewe ungefanyaje? Sehemu nyingi watoto waliruka chekechea na kuingizwa darasa la kwanza moja kwa moja, nasari zikapoteza wanafunzi, na mwalimu aliyelipwa na hao wazazi akapoteza hata kile kidogo. Uamuzi mmoja mzuri wa meza moja uliumiza meza ya pili, na ofisi ya kuratibu haikuwa na nguvu ya kusema "ngojeni kwanza".

Mwaka 2006 tukapata Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Watoto Wadogo, pamoja na mwongozo wa viwango vya huduma. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwemo: afya, lishe, elimu, ulinzi, wazazi. Karatasi hatujawahi kukosa sisi.

Katiba ikagawa mtoto

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Fungua Jedwali la Nne. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Serikali kuu imebaki na sera, viwango na mitaala. Kwa hivyo tangu 2013, mwalimu wa chekechea ya umma ni wa gavana, kitabu anachofundishia ni cha serikali kuu.

Ugatuzi ulileta faida kubwa, tusikatae. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa chekechea akaingia kwenye bajeti ya umma kwa wingi. Madarasa yakajengwa hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuona tofali la serikali. Lile deni la tangu Harambee, mzazi alipe mwalimu, likaanza kupungua. Lakini ule uzi wa katikati ukakatika. KIE ikawa KICD kwa sheria ya 2013, jina la NACECE likafifia, na zile DICECE za wilaya zikajikuta kwenye nchi isiyo na wilaya tena. Tulipata mshahara, tukapoteza uratibu. Miaka ya 1980 ilikuwa kinyume chake. Hatujawahi kushika vyote viwili kwa wakati mmoja.

Na sasa angalia Nairobi ya leo, hasa upande wetu huu wa Waiyaki Way, James Gichuru na Naivasha Road. Lavington na Kawangware zinatenganishwa na barabara. Upande mmoja kuna kindagateni zenye bwawa la kuogelea na ada ya muhula inayoweza kununua pikipiki. Upande wa pili kuna chumba cha mabati, mama mmoja, watoto kumi na kitu, na malipo ya siku kwa siku. Wengi wa mama wanaoacha watoto kwenye kile chumba wanavuka barabara kwenda kulea watoto wa upande ule wenye bwawa. Jiji zima linategemea hicho chumba cha mabati. Wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, mama mboga, wahudumu wa mikahawa ya Westlands, wote wameacha mtoto mahali fulani ndiyo mji uamke.

Bunge la Kaunti ya Nairobi lililiona hilo na kupitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Jambo jema. Lakini sheria ya leseni ni fimbo, na fimbo peke yake haijengi choo. Ukimwambia mama wa deikea asajiliwe, awe na nafasi, jiko tofauti na wasaidizi wa kutosha, bila kumsaidia hata shilingi, amechagua tayari: atajificha. Akijificha hakaguliwi. Na asipokaguliwa, siku ya ajali tunaanza kuulizana.

Tunajua siku hiyo inavyofanana. Tarehe 23 Septemba 2019, Jumatatu asubuhi, shule ya Precious Talent pale Ng'ando, Dagoretti, iliporomoka na watoto wasiopungua saba wakafa. Ilikuwa shule ya msingi, si deikea. Lakini swali lililozunguka mji mzima ndilo hili hili: ni ofisi gani ilipaswa kuona lile jengo mapema? Mtoto akiwa na ofisi sita, siku kama hiyo anaweza kukosa hata moja.

Kwa hivyo, ofisi ya aina gani?

Najua jibu la wengi: "Ofisi nyingine? Si ni viti, magari na posho tu?" Hofu hiyo ni ya haki. Ofisi ya kuratibu isiyo na meno ni kikao cha kunywa chai. Historia yenyewe inatuonyesha iwe na nini ndiyo isiwe hivyo.

Kwanza, iwe na mfuko wake. NACECE ilikosa mfuko wa mishahara, na mradi wa 1997 ulikuwa na mfuko wa mkopo. Ofisi ya Nairobi lazima iwe na laini yake kwenye bajeti ya kaunti, inayoonekana, inayoweza kuulizwa maswali kila mwaka.

Pili, leseni na msaada vikae mkono mmoja. Massachusetts kule Marekani walifanya hivyo 2005: ofisi iliyotoa leseni za deikea na ile iliyosimamia masomo ya watoto wadogo zikaunganishwa kuwa idara moja. Anayekagua ndiye huyo huyo anayeweza kukusaidia kurekebisha. Mama wa Kangemi akijua kwamba kusajiliwa kunaleta mafunzo, maziwa na ukarabati, atakuja mwenyewe bila kufukuzwa.

Tatu, ianze na mtoto mchanga, si PP1. Pale Korogocho kuna utafiti uliowapa akina mama vocha za kulipia deikea, na waliopewa walipata kazi zaidi ya wale wasiopewa. Kwa hivyo deikea inamlea mtoto na pia inamwachilia mama atafute riziki.

Nne, iwe na miguu mtaani. Uzuri wa mfumo wa miaka ya 1980 ulikuwa DICECE, yule mkufunzi aliyekuja darasani kwako. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba Kangemi na Kawangware, na wanajua kila deikea iko kichochoro gani. Waunganisheni na hii ofisi.

Tano, ikae juu ya idara, si ndani ya idara moja. Ikiwekwa elimu, mtoto wa miezi minane atapotea tena kama 1980. Ikiwekwa afya, PP1 itapotea. Iwe chini ya gavana moja kwa moja, ikiwa na uwezo wa kuwaita wakuu wa afya, elimu, mipango na huduma za jamii meza moja, na kusema "ngojeni kwanza".

Haya si ndoto. Siaya walianzisha Smart Start Siaya ili idara zao zimwangalie mtoto mmoja pamoja. Tanzania walizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na jina tu linakuonyesha wameona tatizo: jumuishi. Hapa Nairobi penyewe, Dishi na County ya 2023 imetuonyesha kitu. Mzazi analipa shilingi tano, kaunti na Food4Education wanaweka zilizobaki, na mtoto wa shule ya msingi ya umma au chekechea ya umma anakula. Mambo yakiwa na jina, mfuko na mtu wa kuulizwa, yanasonga. Lakini angalia ni nani bado hayuko kwenye foleni ya huo mlo: mtoto wa miaka miwili wa kile chumba cha mabati. Ni yule yule tuliyemwacha mlangoni 1980.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla hayajapitishwa wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa watu wa barabara, taa na mitaro, na wako sawa kudai vyao. Ukienda mwaka huu, wewe mkazi wa Uthiru, Kangemi, Kawangware au hata Kileleshwa, simama uulize maswali mawili tu. Kaunti inajua Nairobi ina deikea ngapi na ziko wapi? Na ni mtu gani mmoja, mwenye cheo na mfuko, anayejibu kwa ajili ya mtoto kuanzia siku anazaliwa hadi anaingia Gredi ya Kwanza?

Wakikutajia watu sita, kaa kwenye maikrofoni. Mwambie MCA wako unataka mmoja.